Chini ya Kifua cha Kificho

Usi Mcha alikuwa mtu wa kubeba. Alizaliwa Makunduchi, akaja mjini kijana wa miaka kumi na minane, akapata kazi ya uhamali kwenye ghala moja la karafuu upande wa Malindi, na tangu hapo mgongo wake haukujua kazi nyengine. Alikuwa mrefu, mabega mapana, maneno machache. Watu wa Kikwajuni, mtaa aliokaa na mkewe Mwatum na binti yao mchanga Sichana, walimjua kwa mambo mawili: kwamba anaweza kujitwisha gunia bila ya kusaidiwa, na kwamba hawezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango. Hili la pili walikuwa wakilicheka. Hawakujua sababu, na yeye hakuwaambia.

Sababu yenyewe ni hii. Mwaka 1952, msimu wa karafuu umepamba moto, safu ya magunia iliporomoka ghalani, ikamfunika Usi na hamali mwenzake aliyeitwa Makungu. Usi alinusurika kwa kuwa magunia mawili yaliegemeana juu ya kichwa chake yakaacha kijinafasi cha pumzi. Makungu alikuwa ubavuni pake, mkono wake umelala juu ya shingo ya Usi. Mwanzo walikuwa wakisemezana.

"Usi, unaona mwangaza upande wako?" Makungu aliuliza.

"Sioni."

Kisha Makungu akawa hasemi, anavuta pumzi tu kwa taabu. Kisha na pumzi nazo zikakatika, na ule mkono shingoni ukaanza kuwa mzito. Walipochimbuliwa jua lilikuwa limeshapinduka. Usi alikuwa na ubavu uliovunjika na harufu ya karafuu iliyomwingia mpaka kwenye meno. Baada ya miezi miwili alirudi kazini, maana angekwenda wapi? Lakini aliomba awekwe nje, kwenye gari la kusukuma, na ndani baina ya safu za magunia hakutia tena mguu.

Sasa, nyuma ya nyumba yao palikuwa na banda la kusukia kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, la mtu mmoja wa Tumbatu akiitwa Mkadam. Huyu Mkadam ujana wake aliumaliza kwenye meli za moshi, akitia makaa matanurini. Safari moja alishikwa na homa kali, meli ikamwacha Santos, bandari ya Brazili, naye akakaa huko kiasi cha miaka miwili. Nyumba iliyomuuguza ilikuwa ya watu wa mchezo. Wakicheza jujitsu, mapigano ya mikono mitupu yaliyotoka Ujapani, ila hawa wa Brazili walikuwa wameyashusha chini kabisa: ukishaanguka ndiyo kwanza kazi inaanza. Mkadam aliujifunza mchezo ule, na aliporudi Unguja, nywele zimeshaingia mvi, alijaza usumba kwenye magunia, akayatandika bandani, akafunika turubali juu yake, akaanza kuwafundisha vijana wa mtaani baada ya laasiri. Mtu akihangaika chini, yeye humwambia "kalma, kalma," neno la huko Santos, maana yake tulia. Wanafunzi wake walidhani ni Kiarabu.

Usi aliingia bandani siku ya kwanza kwa kuitwa, na siku ya pili kwa kupenda. Alipendea kuangusha. Mabega yake yalikuwa yameumbwa kwa kazi hiyo. Ukimshika koti la kuchezea, hujui ulivyopaa, unajikuta unatazama makuti ya paa. Lakini yeye akiangushwa na mtu akamkalia kifuani, mkono wake ulikuwa ukigonga turubali mara tatu kabla hata hajabanwa. Kugonga mara tatu ndiyo ishara ya kusema basi, nimeshindwa. Wenzake walidhani anafanya adabu. Mkadam alikuwa akimtazama.

Mambo yalibadilika mwezi mmoja na kitu kabla ya Iddi Kubwa ya mwaka 1954. Wacheza mieleka wa bandarini walikuwa wamesikia habari za watu wanaolala chini wakajiita wanapigana, na wakaona ni kichekesho. Ikazungumzwa, ikakubaliwa: Iddi pili, uwanja wa Mnazi Mmoja, watu watatu kwa watatu. Kila mtu avae koti, na mgongo kugusa chini kusihesabiwe kitu. Anayeshindwa ni anayegonga mara tatu. Siku moja akaja bandani mkubwa wao, Kificho, kuja kujionea. Kificho alikuwa kuli wa bandarini, shingo na kichwa unene mmoja, na tangu aanze mieleka hajapata kuangushwa. Alisimama mlangoni akila njugu, akatazama kila mtu anavyocheza. Akamwona Usi amekaliwa, na mkono wa Usi unagonga upesi upesi.

Alicheka mpaka njugu zikamtoka mdomoni.

"Mie nipeni huyu," alisema, akimwelekezea Usi kidole. "Huyu anayegonga hajaguswa. N'tamkalia tu. Sina haja ya kumfanya kitu chengine."

Watu wakamtazama Usi, na Usi akasikia mdomo wake unajibu, "Haya, tutaonana." Ulikuwa mdomo tu.

Usiku ule hakula. Mwatum alimwekea wali na mchuzi wa papa, ukapoa, akauondoa. Asubuhi Usi alimwambia mkewe, "Nnakwenda kumwambia Mkadam atafute mtu mwengine."

"Nenda," alijibu Mwatum. "Lakini mwambie na sababu."

Alimkuta Mkadam amekaa chini, anasokota usumba kwa viganja juu ya paja.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Usi hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, macho yapo kwenye kamba. Akaeleza habari ya ghala, ya Makungu, ya mkono shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu asiyekuwa mkewe, na maneno yalimtoka vipande vipande, kama mtu anayetema miba ya samaki. Alipomaliza alisema, "Kwa hivyo mie siwezi. Akinikalia, n'takufa."

Mkadam alisokota mpaka akafika mwisho wa uzi wake.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Sikujua ni kikubwa hivyo. Kukataa unaweza, na bandani utakuja vile vile. Hapana atakayekusema mbele yangu. Lakini nikuulize. Akikukalia, unaanza kufa wapi? Nioneshe kwa kidole."

"Vipi?"

"Miguuni? Tumboni? Wapi?"

Usi alifikiri. Hajapata kuulizwa jambo kama hilo. Akaweka kidole kooni, chini kidogo ya kikoromeo. "Hapa. Panajifunga. Nikivuta pumzi haziingii."

"Haziingii kwa sababu unavuta tu. Hujazitoa. Mtu akiogopa anavuta, anavuta, kifua kinajaa, halafu anasema hana pumzi." Mkadam alichukua usumba mwengine. "Mie kule Santos kila siku ya mashindano nilitapika. Kila siku. Nilikuwa nikitapika, naosha uso, naingia. Sijapata kuingia bila ya hofu hata mara moja, kwa hivyo usiningoje mie nikuondolee yako. Nenda kafanye mazoezi ya kuwa chini. Si hapa mbele za watu. Kwako, na mtu unayemwamini. Ukiona huwezi, njoo uniambie hata asubuhi ya Iddi."

Mtu aliyekuwa akimwamini alikuwa mmoja. Alasiri ile Mwatum alimlaza mtoto kwa jirani, akashusha godoro lao la sufi kutoka kitandani, akamwambia mumewe alale chali sakafuni. Mlango aliufunga. Akamfunika godoro kuanzia miguuni mpaka kidevuni, kisha akalikalia.

Usi alimrusha hata hajui alivyomrusha. Mwatum alijipiga bega ukutani, godoro likaenda upande, na Usi tayari yuko uani anatweta, ameshika mti wa mpera kwa mikono miwili. Mwatum alitoka akijisugua bega. Alikuwa na hofu na yeye, maana hakupata kuyaona macho ya mumewe namna ile.

"Umeumia?" Usi aliuliza.

"Kidogo. Umenipaisha kama kifuu. Twende tena."

"Mwatum..."

"Twende tena, baba Sichana. Mlango n'tauacha wazi."

Siku ile walifanya mara tatu, na mara zote tatu alishindwa kabla ya mtu kuhesabu kumi. Siku ya nne Mwatum akagundua jambo. Alikuwa akimsemesha ili asimsikie anavyotweta, akamuuliza tu, kwa kukosa la kusema, "Ukitoka kwenu Makunduchi kuja mjini unapita wapi na wapi?"

"Kizimkazi," alisema Usi chini ya godoro.

"Halafu?"

"Muyuni." Akanyamaza, akatoa pumzi. "Kitogani."

"Halafu?"

"Bungi. Tunguu. Jumbi."

Alifika mjini na godoro bado liko juu yake. Mwatum akasema polepole, "Unasema. Mtu akisema, pumzi zinatoka. Zikitoka, nyengine zinaingia zenyewe."

Basi ikawa hiyo ndiyo kazi yao kila alasiri. Mlango ukawa unarudishwa nusu, kisha robo tatu, kisha ukafungwa. Godoro likapanda kutoka kidevuni mpaka usoni. Mwatum akawa anamkalia kifuani, anamwegemea, anambana mikono, naye Usi huko chini anasafiri, Kizimkazi, Muyuni, Kitogani, mara nyengine anapotea njiani, anaanza upya. Siku mbili hakuweza kabisa. Siku hizo kazini upepo ulikuwa umemletea harufu ya karafuu kutoka ndani ya ghala. Jirani mmoja aliyesikia yale majina ya vijiji yanatajwa kila siku nyuma ya mlango uliofungwa alimuuliza Mwatum kama mumewe ana mpango wa kununua gari la abiria.

Mtu angedhani hofu ilipungua. Haikupungua. Kadiri Iddi ilivyokaribia ndivyo ilivyozidi. Akisukuma gari la hamali Darajani, akimwona mtu yeyote mwenye shingo nene, alilipindisha gari njia nyengine. Iddi mosi alikwenda kusali, akarudi, akawapa mkono majirani, na kila aliyemwambia "kesho, eh?" alikuwa kama amemtia maji baridi mgongoni.

Iddi pili aliamka kabla ya adhana. Alijaribu kunywa chai, ikarudi. Akakumbuka alivyosema Mkadam, akaosha uso. Mwatum alimpa koti la kuchezea alilomshonea kwa marekani, lenye mishono miwili miwili kwenye kola, akamfunga mwenyewe mkanda.

"Ukigonga, umegonga," alimwambia. "Mie nimeolewa na wewe, sikuolewa na Mnazi Mmoja."

Uwanja ulikuwa umejaa. Watu wamevaa nguo mpya, wauza ubuyu na halua wanapiga kelele, bembea zinalia. Katikati palitandikwa turubali la Mkadam, na mwalimu mmoja wa skuli alikuwa ndiye mwamuzi. Pambano la kwanza walishinda watu wa bandarini, la pili wakashinda wa Mkadam. Usi alikuwa wa tatu. Mkadam alimshika mabega, akamwambia maneno mawili tu, "Toa pumzi," akamwachia.

Kificho akaja. Watu wa bandarini makoti yao walishona kwa magunia, na Usi hakujua ni magunia gani mpaka walipokamatana. Ilikuwa ni harufu. Magunia yale yalikuwa ya karafuu. Miguu ya Usi ilikufa pale pale. Hakuangushwa kwa ufundi. Kificho alimsukuma tu akaenda chini kama nguo iliyoanguka kambani, na kabla turubali halijaacha kutikisika Kificho alikuwa amemkalia kifuani, kisha akajilaza, lile koti la gunia likamfunika Usi uso mzima.

Giza. Karafuu. Uzito. Kelele za uwanja zikawa mbali, kama zinatoka upande wa pili wa ukuta. Koo likajifunga pale pale alipomwonesha Mkadam. Alisikia mkono shingoni mwake, na kwa muda asioweza kuupima hakujua kama ule ni mkono wa Kificho au wa Makungu. Mkono wake mwenyewe ukanyanyuka, ukagonga turubali. Mara moja. Watu wakapiga ukelele. Mara ya pili.

Akatoa pumzi. Zilitoka na neno. "Kizimkazi."

Mwamuzi aliinama karibu na kichwa chake. "Unagonga? Umegonga mara mbili. Unasema basi?"

"Muyuni," alisema Usi chini ya gunia.

"Anasema nini?" mwamuzi aliuliza.

"Kitogani!"

Kificho naye alitaka kusikia. Akainua kifua kidogo, kiasi cha viganja viwili, amtazame mtu huyu usoni. Ule upenyo ulimtosha Usi. Alikiinua kiuno juu kama daraja, akapenyeza goti, kisha mguu wa pili, na sasa alikuwa bado yuko chali, bado yuko chini, lakini miguu yake imemzunguka Kificho kiunoni na mikono yake miwili imeingia ndani ya kola ya lile koti, imepishana. Mkadam alikuwa amewafundisha hivyo mara mia. Usi akageuza vifundo vya mikono, akavuta viwiko kwenye mbavu zake. Gunia lilikuwa gumu, lilikaba kama kamba.

Akangoja Kificho agonge. Kificho hakugonga. Uso ulikuwa umeiva, mishipa ya kipaji imesimama, macho yamemkodolea Usi, na mikono yake mikubwa imeshika tu mikono ya Usi. Usi alikuwa anavuta kola, akili yake yote inaomba, gonga, gonga bwana we, gonga tuondoke hapa. Kisha ile mikono ya Kificho ikaachia. Kichwa kikashuka polepole begani kwa Usi. Na mwili mzima ukawa mzito.

Uzito ule Usi aliujua. Alikuwa ameubeba miaka miwili.

"Kafa!" alipiga ukelele, akiachia kola. "Mkadam! Kafa! Nimemuua!"

Bembea zote zilisimamishwa. Mkadam alikuja mbio, akamgeuza Kificho chali, akamnyanyua miguu yote miwili juu. "Hajafa," alisema. "Kalala. Ngoja." Mwanamke mmoja alianza kulia nje ya duara. Usi alikuwa amepiga magoti, viganja vyake vimeziba mdomo wake. Kificho akakoroma mara moja, kama mtu aliyesumbuliwa usingizini, akafumbua macho, akatazama mbingu.

"Nani kashinda?" aliuliza.

Usi hakungoja jibu. Alinyanyuka, akapasua watu, akaenda zake kwa miguu mpaka Kikwajuni, koti lake liko wazi kifuani. Mwatum alimkuta uani, amekaa chini ya mpera, analia bila sauti. Alimwambia ametangazwa mshindi. Usi alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

Kesho yake asubuhi alikwenda Funguni nyumbani kwa Kificho. Alipiga hodi. Akafunguliwa na mama yake Kificho, Bi Mashavu, aliyekuwa jana akilia nje ya duara.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe ndiye uliyemlaza mwanangu mchana wa Iddi?"

"Ndiye mimi, bi. Nimekuja kutaka radhi."

"Ulipomwachia ulipiga kelele kuliko mimi niliyemzaa," alisema Bi Mashavu. "Nilikusikia. Pita."

Kificho alikuwa amekaa ukumbini, alama nyekundu imemzunguka shingo. Kahawa ikaletwa. Usi ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukugonga? Nilikungoja ugonge."

Kificho alizungusha kikombe. "Niliogopa."

"Wewe? Ulimwogopa nani?"

"Watu. Bandari nzima ipo pale, mama yangu yupo, na mie ndiye niliyesema sina haja ya kukufanya kitu. Nliona bora nife." Akanywa kahawa. "Nlipokuwa nimekukalia moyo wako ulikuwa unapiga mpaka mie nnausikia kwangu. Nikasema huyu keshakwisha. Vipi mtu anaogopa vile na hagongi?"

"Nlishagonga mara mbili," alisema Usi. "Usinifanye shujaa."

Kificho alimtazama, kisha akacheka, ingawa kucheka kulimuuma koo. Akasogeza vikombe, akalala chali kwenye mkeka. "Mie hata kugonga sijui. Hakuna aliyenifundisha. Nioneshe."

Usi alisita, kisha akamwekea mikono kwenye kola ya kanzu, polepole, hata haikukaza. Kificho akanyanyua mkono wake mkubwa, akagonga sakafu: ko, ko, ko.

"Karibu!" Bi Mashavu aliitikia kutoka jikoni. "Nani hodi?"

Kificho aliingia bandani kwa Mkadam wiki ile ile. Usi alishindana mara tatu zaidi katika miaka iliyofuata. Hofu ya ghala haikumtoka, mpaka anaacha kazi ile alikuwa mtu wa gari la nje. Katika mashindano yale mara moja alishinda, mara mbili alishindwa, na ya mwisho, mwaka 1958, alishindwa na askari mmoja mwembamba aliyemkaa mgongoni kama mtoto wa kubebwa. Alirudi nyumbani magharibi, akavua koti, akaliweka juu ya kamba.

"Imekuwaje?" Mwatum aliuliza.

"Nimegonga."

"Vyema. Nawa mikono, chakula kinapoa."